Kuziba Ufa, Kufunika Kombe

Sumaku yenyewe niliing'oa kwenye spika iliyokufa. Niliifunga kwa kipande cha fulana kuukuu isikwaruze rangi, nikaanza kuitembeza polepole juu ya bodi la gari la baba: boneti, mlango wa dereva, paa. Kote ilishika vizuri, nikawa naibandua kwa nguvu kidogo kisha naisogeza mbele. Nilipofika kwenye madigadi ya mbele, upande wa abiria, juu kidogo ya gurudumu, ikadondoka. Nikaiokota, nikajaribu tena. Ikadondoka tena.

Kama hujawahi kununua gari kuukuu Nairobi, hii ni elimu ya bure. Sumaku hushika chuma. Haishiki fila, ule uji mzito ambao mafundi wa bodi hupaka mahali palipobonyea, ukikauka wanausugua kwa msasa hadi ulingane na chuma, halafu wanapuliza rangi juu yake. Jicho halioni kitu. Kidole hakihisi kitu. Sumaku ndiyo inayokwambia kwamba hapa kuna jambo lilitokea na mtu hakutaka lijulikane.

Shida ni kwamba baba alikuwa na sentensi moja kuhusu gari hili, na aliirudia maisha yangu yote. Aliisema mbele ya wageni, mbele ya mafundi, mbele ya yeyote aliyelisifu pale nje ya kanisa: "Hii gari haijawahi kuguswa." Aliitamka kwa fahari, kama mtu anayekwambia hajawahi kukopa. Baba yuko kaburini tangu 2019, na mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele ya nyumba yetu Buruburu, Jumamosi saa nne asubuhi, nimeshika sumaku inayombishia.

Gari ni Peugeot 504, ile ya milango minne yenye buti linaloteremka kwa nyuma na taa za mbele zilizokaa kama macho ya mtu anayekuhurumia. Watu wa rika la wazazi wetu wakiliona barabarani huguna kama waliokutana na mpenzi wa zamani. Wana sababu. Lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968. Likashinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na toleo lake la milango miwili likashinda tena 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Wafaransa wenyewe waliacha kuunda hili la milango minne mwaka 1983, lakini hapa Kenya liliendelea kuunganishwa miaka mingi baadaye. Na ndugu yake mrefu, yule wa kubeba abiria, ndiye aliyewafikisha watu ushago Disemba, wamebanana viti vitatu hadi nyuma, kuku mmoja miguuni.

Baba alilinunua mwaka 1988 kwa mwenzake kazini. Liliacha kutembea 2014, likafunikwa turubai, paka akazaa ndani ya buti. Alipofariki, watu wa vyuma chakavu walipita wakitaja bei ya kilo. Mama akawafukuza. Mimi kazi yangu ni ya ofisi, sikuwahi kushika spana hadi nilipokuwa na miaka thelathini na moja. Nilianza kwa sababu ya huzuni, nikaendelea kwa sababu niligundua huzuni ikipewa kazi ya mikono hupunguza kelele.

Kila wikendi nilifungua kitu. Nililoweka bolti kwa mafuta usiku kucha ili zikubali kulegea. Niliosha kabureta kwa petroli na mswaki. Kila skrubu niliitia kwenye mfuko mdogo wa plastiki wenye karatasi ya jina, na kabla ya kutoa chochote nilikipiga picha kwa simu, kwa sababu mwezi ukiisha hukumbuki waya upi ulikuwa wapi. Spea nilizitafuta Grogan, kule Kirinyaga Road, ambako ndiko nilimpata mzee mmoja aliyezifungua 504 tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mwanzoni aliniita madam. Mwezi wa tatu, aliponiona na grisi kwenye kope, akaanza kuniita fundi.

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha kuchukia fila. "Kutu ni kama mkopo wa simu," aliniambia. "Unaiona kidogo tu. Ukiifunika, inazaa." Nikalichukua somo hilo nikalifanya dini. Niliwahubiria marafiki zangu mezani, wakiwa wanakula nyama zao kwa amani, kwamba taifa hili lote limejengwa kwa fila: barabara zinazozibwa viraka wiki ya ziara, familia zinazopiga picha za Krismasi zikitabasamu ilhali hazisemezani. Nilikuwa na methali yangu tayari. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nilijiona mwerevu sana.

Sasa sumaku imedondoka kwenye gari letu wenyewe.

Nilichukua msasa mkavu, nikasugua. Rangi ya maziwa ikaisha, ikaja ya kijivu, halafu fila. Nikaendelea kwa bisibisi na nyundo ndogo. Fila ilikuwa nene karibu kama kidole gumba. Ilipobanduka kipande kizima, chini yake kulikuwa na chuma kilichopigwa nyundo kwa haraka, kimekunjamana, na katikati kimepasuka. Pembeni mwa ule mpasuko hakukuwa na chuma tena. Kulikuwa na maganda ya kahawia yaliyosagika nikiyashika, kama biskuti iliyosahaulika kabatini. Maji yanayorushwa na gurudumu yalikuwa yakiingilia kwa nyuma miaka yote hiyo, fila ikayanywa, ikayashikilia pale pale. Kwa nje, gari lilimetameta.

Nilimtumia mzee picha. Akanipigia simu badala ya kuandika. "Hiyo ni kazi ya kukimbizwa," alisema. "Mtu alitaka ionekane sawa kabla ya siku fulani."

Mama alitoka na chai. Ana tabia ya kuniletea chai kisha kusimama kidogo akiangalia, bila kuuliza kitu, halafu kurudi ndani. Siku hiyo aliliona tundu. Akaiweka sinia juu ya boneti, jambo ambalo baba angelipigia kelele.

"Kwa hivyo umefika hapo," akasema.

Nikamwuliza baba aligonga nini.

"Baba yako hakugonga kitu. Ni mimi."

Kwanza nilicheka, kwa sababu mama haendeshi gari. Mama amepanda matatu za 58 maisha yake yote. Aliposimamishwa kazi, alipoumwa, hata wakati tulikuwa na gari zima pale nje na baba yuko safarini, mama alifunga kitambaa kichwani akaenda stejini. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Ilikuwa kama rangi ya macho yake, jambo alilozaliwa nalo.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki akanisimulia. Ni mwaka 1990, Jumapili baada ya kanisa. Baba alikuwa anamfunza kwenye uwanja wa shule moja usiokuwa na watu. Alikuwa ameuzunguka uwanja mara tatu bila injini kuzima, akajiona dereva kamili. Baba akamwambia basi tutoke barabarani. Lango lilikuwa jembamba. Aliona nguzo inakuja, akakanyaga mafuta akidhani ni breki.

"Alikasirika?"

"Alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani akapangusa macho. Akaniambia, usijali, kesho utaendelea."

Lakini nyumbani kulikuwa na nyanya, mamake baba, aliyekuja kwa ajili ya kliniki. Nyanya alikuwa na maoni yake kuhusu mke anayeshika usukani, na alikuwa ameyasema mezani, kwa sauti, mbele ya wageni. Alikuwa anangoja tu ajali. Basi baba hakulileta gari nyumbani siku hiyo. Alilipeleka moja kwa moja kwa fundi wa bodi, akarudi kwa miguu na hadithi kwamba limeenda kuhudumiwa. Jumamosi likarudi linang'aa. Nyanya alilizunguka mara mbili, polepole, kama anayenunua ng'ombe. Akauliza, "Halijaguswa hili?" Baba akajibu, "Hii gari haijawahi kuguswa."

Hapo ndipo sentensi ilipozaliwa. Miaka yote nilidhani ni majigambo, kumbe ilikuwa ngao, na aliyekingwa nayo alikuwa mama.

"Na hiyo kesho?" nikamwuliza. "Alisema kesho utaendelea."

Mama aliangalia kikombe. "Nyanya yako alikaa miezi minne. Alipoondoka, wewe ulikuwa tumboni. Halafu tukawa hatuizungumzii. Unajua, mwanzoni kila aliposema haijawahi kuguswa, nilikuwa nasikia kama ananishika mkono mbele za watu. Miaka ikapita. Nikaanza kusikia kitu kingine. Nikasikia: na wewe usiiguse."

Nimekaa na sentensi hiyo ya mama kwa miezi sasa, na ndiyo sababu ya kuandika hapa. Yale mahubiri yangu kuhusu fila hayanitoshi tena.

Mwaka 1797 Immanuel Kant aliandika makala fupi akishikilia kwamba kusema uongo ni kosa hata kama muuaji amebisha hodi akimtafuta rafiki yako aliyejificha ndani. Ni hoja nzito, na wanafunzi wa falsafa bado wanaivunjia vichwa. Ila Kant hakuwahi kuoa, kwa hivyo hakuwahi kusimama sebuleni kati ya mke wake na mama yake. Nikijiweka mahali pa baba Jumamosi ile, sijui kama ningefanya tofauti. Ukweli ambao nyanya aliutaka haukuwa wa kumjenga mtu. Ulikuwa jiwe, alikuwa anatafuta la kurusha. Wahenga wetu walilijua hili vizuri kuliko Kant, ndio maana wakasema: funika kombe mwanaharamu apite.

Kwa hivyo tuna methali mbili, na zote mbili tunaziitikia bila kusita. Moja inasema ziba ufa mapema. Nyingine inasema funika. Mtu anaweza kufikiri zinapingana, kwamba moja ni ya wakweli na nyingine ya waongo. Mimi nilifikiri hivyo hadi nilipoisoma ile ya pili tena, polepole, nikiwa nimekaa chini na kipande cha fila mkononi. Haisemi funika kombe, basi. Inasema funika mpaka apite. Kifuniko kina muda wake. Ndani ya methali yenyewe kuna saa inayohesabu: yule anayefichwa akishapita, unatakiwa ufunue, kwa sababu kombe lilikuwa la kunywewa na wenye nyumba.

Nyanya alipita. Alirudi ushago mwaka ule ule, na 1997 akatuacha kabisa, Mungu amlaze pema. Hakuna aliyefunua. Baba alikuwa mtu mwema na nadhani kwake lile jambo lilikwisha siku fila ilipokauka. Alikuwa amemlinda mke wake, kazi imefanyika. Hakujua kwamba chini kulikuwa na maji. Na mama, aliyekuwa amelindwa, angeanzaje kulalamika kuhusu ulinzi? Ungemshtakije mtu kwa wema wake? Hivi ndivyo wema unavyoweza kuoza bila mbaya yeyote kuwepo.

Nilirudi Grogan nikamwuliza mzee swali ambalo nilipaswa kumwuliza mwanzoni: je, fila ni mbaya siku zote? Akanitazama kama niliyeuliza kama chumvi ni mbaya. Akasema hapana. Ukishakata kutu yote, ukachomelea chuma kipya, ukakinyoosha kwa nyundo vizuri, bado kitabaki na vijimawimbi. Hapo unapaka fila nyembamba, juu ya chuma kisafi, unasugua. Kila fundi mzuri hufanya hivyo. "Ubaya," alisema, "ni ukitumia fila badala ya chuma."

Tangu siku hiyo naigeuza kauli hiyo kichwani. Watu wanaoishi pamoja hawawezi kuambiana kila kitu, tungechinjana. Tunahitaji tabaka jembamba la adabu: kutomkumbusha shangazi harusi iliyovunjika, kusema chakula kilikuwa kitamu. Hiyo ni fila halali, juu ya kitu kilichokwisha kupona. Swali la kujiuliza ni kama chini yake kuna chuma. Kama mama angekuwa amerudi kwenye usukani ile Jumatatu, baba angeweza kumdanganya nyanya hadi kiama, na leo ingekuwa hadithi ya kuchekesha ya Krismasi. Kilichokosekana ni ile "kesho utaendelea".

Kulikuwa na swali jingine, la kwangu mimi. Nilifanya nini pale na msasa wangu? Wapenzi wa magari ya kale wana ubishi usiokwisha. Wako wanaotaka gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani, na ukienda Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse utayaona ya aina hiyo, hata injini unaweza kulia juu yake. Wako wengine wanaosema acha makovu, makovu ndiyo maisha ya gari. Zamani nilikuwa wa kundi la kwanza. Nilisema narejesha gari katika hali yake ya asili. Siku hizi nikisikia mtu akisema hivyo, nataka kumwuliza: asili ya lini? Siku lilipotoka kiwandani, kabla hatujalijua? Siku baba alipolinunua? Jumapili ile ya 1990, saa saba mchana, mama akiwa ameuzunguka uwanja mara tatu? Anayerejesha kitu huchagua tarehe, hata asipoitaja. Na kuchagua tarehe ni kuchagua nani atakumbukwa na nani atapigwa msasa.

Kisheria jibu lilikuwa rahisi. Logbook inaonyesha namba ya chesisi, namba ya injini, na siku hizi jina langu. Gari ni langu, tundu ni langu. Lakini nilipoanza kumwambia mama mipango yangu, kwamba nitalikata lile tundu, au pengine niache mbonyeo kama kumbukumbu, alininyamazisha kwa mkono.

"Mimi ndiye niliyeligonga," alisema. "Mbona huniulizi mimi?"

Nikaona aibu. Miaka thelathini na zaidi watu wawili, mume kisha mtoto, wameamua kuhusu kosa lake kwa mapenzi makubwa, na hakuna aliyemwuliza. Nikamwuliza.

Alitaka likatwe, chuma kibovu chote kitoke. Mbonyeo hakuutaka. "Makovu ni ya nani?" alisema. "Nyinyi mnapenda makovu kwa sababu hayakuwauma." Fundi wa bodi alikuja na mashine yake ya kuchomelea, akakata hadi akafikia chuma kizima, akashonea bamba jipya, akalisugua, akapaka fila nyembamba kiasi kwamba sumaku bado inashika juu yake. Halafu praima ya kijivu. Nilipotaka kuagiza rangi, mama akasema ngoja kwanza.

Jumapili iliyofuata alivaa viatu vya chini, akaketi upande wa dereva. Nilivuta choki, nikamwonyesha klachi. Injini ikawaka. Tukasogea kama mita tatu kuelekea geti la korti, ikazima. Akasema neno la lugha yake ambalo sikuwa nimewahi kumsikia akilisema. Nikacheka. Kisha nikaogopa kicheko changu, nikakumbuka kwamba baba naye alicheka, na kwamba kucheka hakukuwa kosa.

"Washa tena," nikamwambia. Akawasha.

Kabla sijatuma makala haya nilimsomea mama yote, kwa sababu nimefunua kombe ambalo si langu peke yangu. Kuna jambo moja aliniomba nilitoe. Nimelitoa. Hutalikuta humu, na sioni kama nimekudanganya. Vilevile sina haraka ya kuwahukumu waliofariki. Nyanya naye alikuwa na sababu zake, alilelewa katika dunia iliyomtisha kwa mambo yaliyomfanya awatishe wengine, na hana nafasi ya kujibu. Msasa una mahali pa kukoma. Ukiupitisha hapo, unatoboa chuma kizima.

Gari bado lina kiraka cha kijivu. Najua haliwezi kubaki hivyo, praima huachia maji yapenye, na mvua za Machi haziko mbali. Mama ndiye atakayechagua rangi, na bado hajasema. Wakati huo huo, majirani wanaopita husimama kulitazama, kama watu wasimamavyo mbele ya 504, na mara nyingi swali lao la kwanza huwa lile lile: limewahi kugongwa hili?

"Ndiyo," huwa nawajibu. "Mwaka 1990."

Na mama, akiwa amekaa pale kwenye kiti cha plastiki na kikombe chake, huinua mkono.